Likizo Kando ya Maziwa ya Milimani

Askari hahitaji kufundishwa hema ni kitu gani. Amelala ndani yake mvua ikinyesha, amelikunja usiku wa manane kwa amri, na pengine amelichukia. Lakini ni wangapi miongoni mwa ndugu zetu wa jeshi na polisi waliowahi kulisimamisha hema kwa hiari yao, mahali pazuri, pamoja na wake zao na watoto wao, pasipo zamu ya lindo wala filimbi ya alfajiri?

Swali hilo ndilo lililotufungisha safari ya kwenda Kigezi, pembe ya kusini-magharibi ya Uganda, ambako maziwa yamelala juu milimani. Tulikuwa watu saba katika gari moja: askari wawili waliokuwa likizoni, wake zao, watoto wawili, na sisi tuliokwenda kuona na kuandika.

Njia ya Kusini-magharibi

Kutoka Kampala hadi Kabale ni zaidi ya kilomita 400, na barabara yote ni ya lami. Tuliondoka kabla ya mapambazuko ili tuyakwepe malori. Huko Kayabwe tulivuka mstari wa ikweta, na watoto wakashuka kusimama mguu mmoja kaskazini na mguu mmoja kusini. Baada ya hapo tulipita mabwawa ya Lwera, tukaupita mji wa Masaka, kisha tukaingia nchi kavu ya malisho, ambako ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu hukatiza barabara bila kumjali dereva.

Mbarara, mwendo wa kilomita 270 hivi kutoka Kampala, ndipo mahali pa kupumzika na kujaza mafuta. Kuanzia Ntungamo nchi inabadilika. Vilima vinakuwa milima, kona zinakuwa nyingi, na hewa inakuwa baridi. Dereva asiyezoea milima yampasa ateremke kwa gia ndogo, asitegemee breki peke yake, kwani breki zikipata moto hushindwa kazi. Tulifika Kabale alasiri, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila mtu akatafuta koti lake.

Bunyonyi

Ziwa Bunyonyi li karibu na Kabale, lakini halionekani mpaka mtu apande kilima na kuanza kuteremka upande wa pili. Hapo ndipo maji hutokea ghafula chini, yamejipinda kati ya vilima, na visiwa vingi vimetawanyika ndani yake. Hapo kale palikuwa bonde la mto. Volkano zikamwaga lava, lava ikaliziba bonde, na maji yakajaa. Kwa sababu hiyo kingo za ziwa ni za mteremko mkali, na mtu anayeoga hatua chache kutoka ufukoni huweza kukosa mahali pa kukanyaga. Mamba hawamo wala viboko hawamo, lakini ziwa lisilo na mamba huua vilevile mtu asiyejua kuogelea.

Vilima vyote vimelimwa kwa matuta mpaka kileleni. Matuta hayo yana historia yake. Katika miaka ya 1940 watu walikuwa wengi na ardhi ilikuwa ikichukuliwa na mvua, hata serikali ya wakati ule ikahimiza kilimo cha matuta, na kuanzia mwaka 1946 jamaa nyingi zikahamishwa kwenda kwenye nchi zenye nafasi. Basi mgeni akumbuke kwamba tuta analolikanyaga ni ukuta unaozuia shamba la mtu lisiporomoke ziwani.

Tulipoanza kushusha mizigo, jambo moja lilitukia ambalo tungependa wasomaji wetu walitafakari. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia viazi jirani aliwatazama wenzetu wawili: nywele fupi, mwendo wa kijeshi, turubai la kijani begani. Aliacha jembe lake, akawaita watoto wake ndani, akafunga mlango.

Hakuna aliyemkosea mama yule siku ile. Lakini wazee wa nchi hii wanaikumbuka miaka ya 1970 na ya 1980, wakati ambapo kambi ya watu wenye bunduki karibu na kijiji ilimaanisha mbuzi kupotea, na mara nyingi mambo mazito kuliko mbuzi. Kumbukumbu kama hiyo hurithiwa kama shamba.

Mkubwa kati ya askari wale hakusema neno. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji, akamwonyesha kitambulisho chake, akaomba ruhusa ya kulala siku tatu. Kisha alikwenda pamoja na mkewe mpaka mlango ule uliofungwa, akabisha hodi, akasimama mbali kidogo, akaomba kuuziwa viazi na kuni kwa bei ya sokoni. Mama alitoka. Hakutabasamu. Alizihesabu fedha zake mara mbili, akatoa viazi. Siku ya pili alimtuma mwanawe atuonyeshe mahali pa kuteka maji safi. Siku ya tatu alituletea bushera, kinywaji cha mtama cha huko, na alipopewa fedha alizikataa.

Visiwa

Wenyeji husafiri kwa mitumbwi iliyochongwa kwa gogo moja. Mzee aliyetuvusha alikataa kuondoka adhuhuri. "Wanangu," alisema, "asubuhi ziwa ni la watu, alasiri ni la upepo." Tulimtii, tukavuka alfajiri, kila mmoja amevaa jaketi la kuokolea.

Alituonyesha Bwama, ambako Daktari Leonard Sharp, mmisionari wa Kiingereza, alianzisha makazi ya wagonjwa wa ukoma mwaka 1931. Siku hizi pana shule. Alituonyesha pia Akampene, kisiwa kidogo ambako zamani msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa aliachwa afe kwa njaa na baridi, isipokuwa apatikane mwanamume asiye na ng'ombe wa mahari wa kuja kumchukua. Tulikitazama kisiwa kile kimyakimya. Kazi ya mlinzi wa sheria huonekana thamani yake mahali kama pale.

Kanaba mpaka Mutanda

Siku ya nne tulielekea Kisoro, kwa barabara inayopita msitu wa Echuya. Huko Kanaba tulisimamisha gari, kwani mbele yetu volkano tatu zilisimama pamoja: Muhabura yenye mita 4,127, Mgahinga, na Sabinyo, ambayo juu yake mipaka ya Uganda, Rwanda na Kongo hukutana. Kileleni mwa Muhabura kuna ziwa dogo ndani ya kreta. Kambi yetu ya pili ilikuwa kando ya Ziwa Mutanda, chini ya milima hiyo hiyo. Aliye likizoni karibu na mpaka na awe na kitambulisho chake daima, wala asivuke bila kibali.

Mambo ya Kuzingatia

Baridi ya usiku huko si mchezo, na kila mtu awe na mablanketi mawili. Lakini jiko la mkaa lisiingizwe hemani kamwe, hata likionekana limefifia, kwani hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo huua watu usingizini. Hema lisisimamishwe kwenye mkondo wa maji ya mvua. Mti usikatwe, kuni zinunuliwe. Takataka zirudi na mwenyewe garini.

Zaidi ya yote, ruhusa iombwe na kila kitu kilipiwe. Askari huilinda nchi kwa silaha alizokabidhiwa, lakini imani ya raia haitolewi ghalani pamoja na risasi. Hujengwa kwa bei ya debe la viazi iliyolipwa kamili, na kwa hodi iliyobishwa kwa upole. Likizo ijayo, ndugu askari, chukua hema lako, jamaa zako na adabu yako, ukaitazame nchi unayoilinda.