Je, Wajua? Mustang ya Kwanza Haina Chesisi Nzima

Ford Mustang iliyozinduliwa New York Aprili 1964 haina chesisi inayotoka mbele hadi nyuma. Ina mihimili ya chuma mbele, na mingine nyuma. Katikati je? Ni bati la sakafu na kingo za chini ya milango.

Dereva akiikamua injini ya silinda nane, bodi hujipinda. Gari likizeeka, milango hugoma kufunga vizuri.

Dawa yake ni rahisi ajabu: mabomba mawili ya chuma ya pembe nne, moja kila upande, huchomelewa chini ya sakafu. Mihimili ya mbele na ya nyuma hushikana.

Chevrolet Camaro isiyo na paa gumu, ya 1967, ilitibiwa kwa njia ya ajabu zaidi. Kiwandani iliwekewa mitungi minne yenye vyuma vizito ndani, mmoja kila kona, ili kutuliza mtetemo. Gari la kasi likabebeshwa mzigo kwa makusudi!

Fundi, unapochomelea yale mabomba ya Mustang, gari lisimame juu ya magurudumu yake. Likining'inia kwenye jeki, utaikaza bodi ikiwa imepinda.