Kibubu cha Sarafu za Tundu

Katika mji wa Mkurya, yaani boma lake, utajiri ulihesabiwa zizini. Ng'ombe ndio waliooa, ndio waliolipa faini, ndio waliompa mzee sauti mbele ya wenzake. Sarafu ilikuja baadaye, tena kwa shuruti: mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ilianzisha kodi ya nyumba, na Waingereza walipoichukua nchi nao wakaendelea kudai kodi. Hapo ndipo fedha ilipoanza kutafutiwa maficho ndani ya nyumba.

Vibubu vya zamani vinavyotunzwa mpaka leo thamani yake haipo katika bati. Ni mkebe tu, kifuniko kimegongomewa, juu pamepasuliwa ufa kwa patasi, kutu imekula pembeni. Utikise, ukimwage: zitatoka sarafu za shaba za senti kumi zenye tundu katikati, na pembe mbili za ndovu zimelikumbatia tundu hilo. Kumi kati ya hizo zilifanya shilingi moja, ile ya simba na milima, iliyoanzishwa mwaka 1921. Tundu lilikuwa na faida yake, maana asiye na mfuko alizitunga kwenye kamba. Na kwa Wakurya, ambao mpaka wa wakoloni uliwagawa huku Tarime na kule Kenya, fedha hiyo ilikuwa moja pande zote mbili hadi mwaka 1966, kila nchi ilipotoa ya kwake.

Sarafu hizo zilitoka kwenye mauzo ya kahawa, na kwenye mshahara wa vijana waliojiunga na KAR (King's African Rifles), jeshi la wakoloni wa Kiingereza. Lakini hazikuwekwa ili zikae. Zikishatosha, mkebe ulivunjwa akanunuliwa mtamba, na mtamba huzaa. Kwa hiyo sarafu tunazorithi leo ni zile ambazo hazikuwahi kugeuka ng'ombe.

Jambo ninalolithamini zaidi ni kujua mkebe ulikuwa wa nyumba ipi. Mzee mwenye wake kadhaa alikuwa na nyumba kadhaa, kila mke na yake, na mahari ya binti iliwaolea kaka zake wa tumbo moja. Fedha ya mama mmoja haikuwa ya mji mzima. Siku hizi wapo wanunuzi wanaozisaka sarafu hizi, na vijana huziuza bila kuuliza. Bibi waliojua ni nani alitumbukiza nini wangali hai katika baadhi ya miji ya Nkende, Tarime. Waulizwe mwaka huu, majina yaandikwe, karatasi iwekwe ndani ya mkebe huohuo.