Mlipaji Asiyeelewa Bili Yake Hana Mtetezi

Shirika liuzalo umeme au maji pasipo mshindani ni kama mwenye kisima pekee kijijini: mwenye kiu hana pa kukimbilia. Ndiyo maana serikali huweka mdhibiti baina ya mwuzaji na mnunuzi. Humu nchini, jukumu hilo upande wa umeme lilikabidhiwa bodi iliyotokana na sheria ya 1997, kisha tume iliyoundwa na sheria ya 2006, na tangu 2019 limo mikononi mwa Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, EPRA. Upande wa maji, Sheria ya Maji ya 2002 ilizaa WASREB.

Kazi ya wadhibiti hawa ni mbili: kuidhinisha bei na kusimamia viwango vya huduma. Mbili hizo hazitenganiki, kwani bei nafuu ya mfereji mkavu haimfai mtu kitu.

Hata hivyo, liko jambo lisilozungumzwa vya kutosha, nalo ni lugha. Aprili 1, 2023, bei mpya za umeme zilipoanza kutumika, kiwango cha matumizi kilichotengewa wanyonge kilishushwa kutoka uniti 100 kwa mwezi hadi 30. Wa kundi hilo alitozwa shilingi 12.22 kwa uniti. Aliyetumia kati ya 31 na 100, shilingi 16.30. Juu ya hapo kuna gharama ya mafuta ya mitambo, marekebisho ya thamani ya shilingi dhidi ya fedha za kigeni, mfumko wa bei, na kodi. Basi mtu hununua tokeni kwa pesa zile zile, akapata uniti chache kuliko za mwezi jana. Hulalamika kwamba ameibiwa. Huenda ameibiwa, huenda hakuibiwa; lililo baya zaidi ni kuwa hana njia ya kujua.

Katiba ya 2010 haikumwacha gizani. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya habari zitakazomwezesha kunufaika kikamilifu na huduma. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Je, wananchi watatoaje maoni kuhusu pendekezo la bei lililoandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu? Huko si kushirikishwa, ni kuhudhuria tu.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kazi hiyo. Kwa jirani zetu Tanzania, mdhibiti wao, EWURA, hutangaza bei za mafuta kwa Kiswahili, na maneno "bei kikomo" hayamhitaji mfasiri. Istilahi huzaliwa na matumizi. Wakenya walipoihitaji "tokeni" waliitamka bila kungojea kamusi.

Kwa hivyo, kila tangazo la bei na kila orodha ya viwango vya huduma itolewe kwa lugha zote mbili rasmi, kwa wakati mmoja. Nanyi walimu, pelekeni bili darasani: ina hesabu, ina uraia, ina msamiati. Mwanafunzi aisome, kisha akamsomee mzazi wake. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lisilosomeka lina tofauti gani na lisilokuwapo?