Umri wa tope la Ziwa Mahoma

Namba yenyewe ni 14,750, na pembeni yake imeandikwa jumlisha au toa 290. Ilitoka mwaka 1962 katika jarida la Nature, kwenye makala fupi ya Daniel Livingstone wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Ni umri kwa miaka, uliopimwa kwa kaboni, wa tope lililochimbuliwa karibu na sakafu ya Ziwa Mahoma, kwenye bonde la Mubuku katika milima ya Rwenzori, Uganda, karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Tope haliwezi kutulia mahali palipokaliwa na barafu. Kwa hiyo namba hiyo ilisema jambo moja kubwa: kufikia wakati huo, barafu ya Rwenzori ilikuwa imeshapanda juu na kuliacha ziwa.

Kilichoninasa si umri wa tope, ni uzito wake. Maabara za miaka ile zilihitaji gramu kadhaa za kaboni ili kupima sampuli moja, na tope la chini kabisa la ziwa la aina hii ni udongo wenye kaboni kidogo. Ilibidi lichukuliwe jingi. Lazima kuna mgongo uliolishusha hadi kijiji cha Nyakalengija, chini ya mlima.

“Si wangu, mimi nilikuwa bado kuzaliwa,” anasema mzee mmoja wa Bwera, mpagazi wa siku nyingi ambaye amewapandisha watafiti wa maziwa mara nyingi, na aliyeomba nisimtaje jina. “Lakini kazi hiyo naijua. Mzigo wa mtalii unapungua kila siku kwa sababu anakula. Mzigo wa mtafiti unaongezeka.”

Anaieleza kazi kwa mikono. Mnaunganisha boti mbili za mpira, mnaweka mbao juu, mnafunga nanga pande zote ili upepo usiwazungushe. Katikati ya mbao kuna tundu. Hapo linashushwa bomba la chuma, likiunganishwa fimbo baada ya fimbo, na ndani ya bomba mna pistoni iliyozuiwa kwa waya. Bomba linasukumwa, pistoni inabaki palepale, tope linaingia bila kujikunja. Chombo hicho chenyewe kinaitwa kwa jina la Livingstone, aliyekitengeneza miaka ya 1950.

“Mita moja, mnavuta. Mita nyingine, mnavuta. Baridi, vidole havisikii. Tope likitoka linalala ndani ya bomba la plastiki lililopasuliwa katikati, linafungwa kwa karatasi ya plastiki, halafu foili, halafu unaandika upande gani ni juu na upande gani ni chini. Ukikosea hapo, umegeuza dunia.” Anacheka. “Na usivute sigara. Nilifukuzwa kwenye mbao kwa ajili ya sigara.”

Amri hiyo ya sigara ina maana yake. Kila kilicho hai hujikusanyia kaboni-14 kutoka hewani, na kikifa inaanza kupungua: nusu yake huisha kila baada ya miaka 5,730. Katika tope la zamani kiasi hicho hubaki kidogo sana, na chembe ya majivu ya leo inatosha kulifanya lionekane kijana. 

Lakini sigara ni adui mdogo; mkubwa ni kaboni ya kale, inayofanya kitu kionekane mzee kuliko kilivyo. Ukishuka kutoka mlimani hadi Bwera, ukavuka mpaka wa Mpondwe kuingia Kasindi, Kongo, hauko mbali na Ishango, mahali ambapo mto Semliki unatoka Ziwa Edward. Hapo mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa wenye mistari iliyochanjwa kwa makundi, ambao sasa uko Brussels na unabishaniwa kama ni hesabu au la. Konokono wa tabaka ulimotoka mfupa huo walipopimwa kwa kaboni, jibu lilikuja miaka 21,000. De Heinzelin hakuliamini. Ziwa Edward lina volkano jirani, na kaboni inayopanda kutoka ardhini imekwisha nguvu zamani. Konokono akiila, anaweza kuwa hai bado na maabara ikasema alikufa kale. Akashika umri wa chini ya nusu ya ule. Ilibidi ifike miaka ya 1980, mwanaakiolojia Alison Brooks na wenzake warudi, ndipo Ishango ikarudishiwa miaka yake 20,000 na ushei.

Kwa hiyo mashaka yalikuwa ya haki, na bado yalipotosha. Mzee ananisikiliza, kisha anauliza kama Mahoma nako kuna volkano. Namwambia hakuna, Rwenzori ni mwamba ulioinuliwa. Anatikisa kichwa, hajaridhika.

Na ana sababu. Ukiisahihisha kwa hesabu za sasa, ile 14,750 inakuwa kama miaka 18,000 ya kalenda. Mwaka 2014 timu ya mwanajiolojia Meredith Kelly ilichapisha umri wa mawe ya kingo ambazo barafu ile iliziacha, ukipimwa kwa beriliamu, si kaboni: miaka 20,000 na zaidi. Kati ya mawe na tope pana pengo la miaka 2,000 au zaidi. Huenda vipande vya barafu vilibaki vimezikwa ziwani muda mrefu. Huenda tope lilichelewa kuanza kujaa.

“Au hawakufika chini,” anasema mzee. “Fimbo ikigonga kitu kigumu, bosi anasema tumefika, na wote tunafurahi kwa sababu ya baridi. Mimi nimesikia ikigonga mara nyingi. Jiwe na sakafu vinagonga sawa.”