Vijiti vya Samaki: Mlo wa Jioni Usio na Mwiba



Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, ukurasa huu unaingia jikoni. Tutaeleza namna ya kutengeneza vijiti vya samaki nyumbani, vikavu kwa nje na laini kwa ndani, na sababu ya kila hatua. Anayejua sababu hashindwi hata akikosa kitu kimoja au viwili.

Sisi wa Lipingo na mwambao wote wa Ziwa Nyasa tumeneemeka kwa samaki. Katika Surat al-Maida, aya ya 96, Allah ametuhalalishia mawindo ya majini, na samaki hahitaji kuchinjwa. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, ambao ndio wengi katika Afrika Mashariki, magege mwenye magamba na kambale asiye na magamba wote ni halali.

Hata hivyo, neema hii haiwafikii sawasawa watu wa nyumba moja. Samaki mzima akiwekwa kwenye sinia, kijana huchambua mnofu upesi. Mtoto wa miaka mitatu hupewa mchuzi mtupu kwa kuogopa mwiba. Bibi ambaye macho yake yamepungua nuru huacha nyama nzuri kwa sababu haoni kilichomo. Vijiti vya samaki vinaondoa tatizo hilo: mwiba unatolewa jikoni mapema, na kila mmoja anapata fungu linalolingana na la mwenzake.

CHAKULA HIKI KIMETOKA WAPI?

Kukaanga samaki ni jambo la zamani kila mahali. Lakini vijiti vilivyokatwa sawasawa na kuvikwa chenga za mkate vilienea kutoka viwandani. Vilianza kuuzwa madukani Marekani mwaka 1953, na Uingereza mwaka 1955 kutoka kiwanda cha mji wa pwani wa Great Yarmouth. Viwanda hugandisha minofu iwe bonge kubwa la barafu, kisha hulikata kwa msumeno. Sisi hatuna haja ya bonge la barafu. Samaki aliyetoka ziwani asubuhi ana ladha ambayo kiwanda hakiwezi kuinunua.

SAMAKI GANI ANAFAA?

Magege ndiye bora kwa kazi hii. Nyama yake ni nyeupe, imeshikana, na mnofu wake hutoka vizuri ukipitisha kisu kando ya uti wa mgongo.

Kambale naye anafaa, maana miiba yake ni michache. Umenye ngozi kwanza, kwa kuwa ngozi yake huteleza na unga haushiki.

Mbasa ni mtamu sana, lakini ana vimiba vyembamba vilivyojificha ndani ya nyama. Usimkate vijiti akiwa mbichi. Mchemshe dakika 10, umchambue kwa vidole polepole, uchanganye nyama na kiazi kilichopondwa, kisha uunde vijiti kwa mkono.

Usipa hahitaji kazi hii. Mwiba wake ni laini, huliwa pamoja na nyama, na una madini yanayojenga mifupa ya watoto. Huyo mkaange mzima.

MAHITAJI YA WATU SITA

- Magege wazima kilo moja na nusu (watatoa karibu nusu kilo ya minofu)
- Ndimu 1
- Kitunguu saumu punje 3 na kipande kidogo cha tangawizi, vilivyotwangwa
- Chumvi kijiko 1 cha chai
- Pilipili manga nusu kijiko cha chai
- Unga wa ngano nusu kikombe
- Mayai 2
- Chenga za mkate vikombe 2
- Mafuta ya alizeti nusu lita

Chenga za mkate ni kazi ya watoto. Chukua mkate wa jana, uukate vipande, uuanike juani kwenye ungo uliofunikwa kwa kitambaa safi mpaka ukauke kabisa, kisha utwange kwenye kinu. Zisiwe laini kama unga. Zibaki kama punje za mchele uliovunjika. Mkate ukikosekana, tumia unga wa muhogo uliosagwa kwa kukwaruza, yaani zile chenga zinazobaki kwenye chekecheke. Muhogo huo uwe umeshaandaliwa ipasavyo kwa kuliwa, kama ule wa ugali.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Paa samaki, toa utumbo na matamvua, osha. Toa minofu pande zote mbili na uondoe ngozi. Pitisha kidole juu ya mnofu kutoka kichwani kwenda mkiani. Pale kinapokwaruzwa pana mwiba. Uchomoe au ukate ukanda huo. Rudia mara ya pili. Hatua hii ndiyo roho ya pishi zima.

2. Kata vijiti vya urefu wa kidole cha kati na upana wa kidole gumba. Utapata kama 18 hadi 20, yaani vitatu kwa kila mtu. Visilingane kwa macho tu. Vilingane kwa unene, ili viive pamoja.

3. Paka ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, chumvi na pilipili manga. Acha dakika 10 tu. Ukizidisha, ukali wa ndimu hulainisha nyama na vijiti hukatika.

4. Kausha kila kijiti kwa kitambaa safi. Wengi huiruka hatua hii.

5. Andaa sahani tatu: ya unga wa ngano, ya mayai yaliyopigwa, na ya chenga. Garagaza kijiti kwenye unga, ukung'ute. Chovya kwenye yai. Kisha garagaza kwenye chenga ukikandamiza kidogo. Unga hunyonya unyevu uliobaki, yai hugandisha kama gundi, na chenga huwa ganda la nje.

6. Panga vijiti kwenye sinia bila kubebanisha. Viache dakika 15 ili ganda lishike.

7. Mimina mafuta kwenye karai, yasizidi nusu ya kina chake. Yakipata moto, tupia chenga moja. Ikizama na kukaa kimya, bado. Ikipanda juu ikitoa mapovu na kuwa ya kahawia baada ya kama dakika moja, mafuta yako tayari, karibu nyuzi 180. Ikiungua papo hapo, punguza moto.

8. Kaanga vijiti vinne au vitano kwa mara moja, dakika 3 hadi 4, ukigeuza mara moja. Fungua kimoja: nyama iwe nyeupe kabisa na iachane kwa urahisi.

9. Weka kwenye chujio au waya vichuje mafuta. Usivifunike.

KWA NINI VINAKAUKA, AU VINALOWANA?

Maji huchemka kwenye nyuzi 100, na mafuta yetu yana karibu nyuzi 180. Kijiti kikiingia karaini, maji ya kwenye ganda hugeuka mvuke na kutoka. Ule mlio wa kukaanga tunaousikia ni mvuke huo ukikimbia. Maji yanapotoka, ganda hubaki kavu lenye vitundu vidogo, nalo ndilo linalovunjika kinywani kama bagia iliyotoka karaini sasa hivi. Wakati huo mvuke unasukuma kwenda nje, hivyo mafuta hayapati nafasi kubwa ya kuingia.

Sasa tazama makosa matatu. Samaki akiwa na maji mengi, moto wote huishia kukausha maji na ganda hubanduka. Vijiti vikijazwa karaini, mafuta hupoa, mvuke hupungua nguvu, na ganda hunywa mafuta. Vikifunikwa vikiwa vya moto, mvuke hugonga mfuniko, hugeuka maji na kudondokea ganda. Yote matatu yana chanzo kimoja, nacho ni maji kutopata njia ya kutoka.

TAHADHARI

Mafuta ya moto huunguza kuliko maji yanayochemka. Karai likae imara juu ya mafiga au jiko, na watoto wadogo wawe mbali. Mafuta yakishika moto, usimwagie maji hata kidogo, kwani moto utaruka. Funika karai kwa mfuniko na upunguze au uondoe moto ulio chini.

Mafuta yaliyobaki yachujwe na kutunzwa. Yakiwa meusi, yakitoa povu zito au harufu kali, muda wake umekwisha.

Jambo jingine ni la mwiba wenyewe. Mtu akikwamwa na mwiba kooni, wengi humlazimisha kumeza tonge kubwa la ugali. Si salama, tonge linaweza kuuzamisha mwiba zaidi. Asilazimishwe kula, apelekwe kituo cha afya. Na akishindwa kupumua, hiyo ni dharura. Asicheleweshwe hata kidogo.

VICHWA NA MIFUPA

Kwenye kilo moja na nusu, kilo nzima imebaki kando. Kuitupa ni israfu. Chemsha vichwa na mifupa pamoja na kitunguu, nyanya na chumvi kwa nusu saa, kisha chuja vizuri kwa kitambaa. Mchuzi huo unateremka na ugali wa muhogo au wali, na vijiti vikawa kitoweo pembeni.

Hapa tukumbuke usia wa Mtume (S.A.W.) kwa sahaba wake Abu Dharr, kwamba apikapo mchuzi aongeze maji yake na awaangalie jirani zake. Bakuli moja la mchuzi na vijiti viwili juu ya kisahani ni kitu kidogo kwa mpishi, lakini kwa mjane wa nyumba ya pili ni mlo.

Wanafunzi wapenzi, kazi ya kutwanga chenga na kuvika vijiti ni yenu. Msimwachie mama peke yake. Oshieni mikono, semeni Bismillahi, kuleni kwa mkono wa kulia na kila mtu ale cha mbele yake. Na kabla ya yote, wapeni wadogo na wazee mafungu yao.

Tunamuomba Allah (S.W.) abariki riziki zetu na nyumba zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.