Baridi Hungoja Mteremkoni

Mtazamaji wa mbio za baiskeli milimani hudhani mtihani mkubwa ni kupanda. Siku ya jua hakosei. Lakini theluji inapoanguka, mpandaji hupata joto kwa kupanda kwenyewe, na hatari humngoja ng'ambo ya kilele.

Sababu imo kwenye misuli. Katika nishati inayotumiwa na miguu, karibu robo tu ndiyo inayosukuma baiskeli; iliyobaki hugeuka joto. Ndiyo maana mpandaji hutoka jasho hata kwenye barafu, na hufika juu nguo zikiwa zimelowa. Akianza kuteremka, miguu hutulia na joto hukatika, huku upepo wa kilomita 60 kwa saa ukimpiga kifuani. Maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 zaidi ya hewa, hivyo nguo mbichi humdhuru zaidi ya kumkinga. Ili kuokoa moyo na ubongo, mwili hupunguza damu iendayo mikononi. Vidole hufa ganzi wakati uleule vinapotakiwa kubana breki. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, hata akili huanza kupotea.

Yote hayo yalionekana tarehe 5 Juni 1988, mbio za siku nyingi za Giro d'Italia zilipovuka Gavia, njia ya milima ya Alpi iliyo juu ya mita 2,600. Mholanzi Johan van der Velde alifika kileleni wa kwanza, amevaa jezi ya mikono mifupi. Alipoanza kuteremka, baridi ilimshinda. Ikabidi asimame kutafuta joto, na alipoingia Bormio, mwisho wa safari ya siku ile, alikuwa amechelewa kwa takriban dakika 47.

Nyuma yake alikuwapo Mmarekani Andy Hampsten. Asubuhi ile viongozi wa timu yake, 7-Eleven, walikwenda kununua nguo za watelezaji wa theluji. Alipanda na glavu nzito za wapiga mbizi, na karibu na kilele akapokea nguo kavu na chai ya moto. Siku ile alimaliza wa pili, sekunde 7 nyuma ya Erik Breukink, akatwaa jezi ya waridi ya kiongozi wa mbio na kubaki nayo mpaka mwisho, akawa Mmarekani wa kwanza kushinda Giro.

Ujasiri mtupu nao una bei. Mwaka 1980, Mfaransa Bernard Hinault alishinda mbio za Liège–Bastogne–Liège katika theluji kwa zaidi ya dakika 9. Walianza waendeshaji 174, wakamaliza 21. Vidole viwili vya Hinault havikupona kabisa.

Mwaka 2013 theluji iliwalazimu waandalizi wa mbio za Milano–Sanremo kuwapakia waendeshaji kwenye mabasi na kuruka sehemu ya njia. Miaka michache baadaye Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli, UCI, likaweka utaratibu wa kujadili, kufupisha au kufuta mbio hali ya hewa ikichafuka. Wapo walionung'unika kwamba mchezo umelegezwa. Mimi siafiki. Ushupavu wa Hampsten haukupungua hata kidogo kwa sababu mtu fulani alimsubiri juu ya mlima na nguo kavu. Bila nguo zile, nguvu zake zote zingeishia kileleni, kama zilivyomwishia van der Velde.