Marubani wa Mezani na Wazee wa Pedi

Ukikaa hosteli za UDOM wiki mbili tu, utagundua kuna dabi nyingine isiyohusu Simba wala Yanga. Upande mmoja wako wazee wa mpira wa PS na wa kwenye simu. Upande wa pili wako wale wachache wanaorusha ndege kwenye kompyuta. Wa mpira wanawaita wenzao "marubani wa mezani", watoto wa kishua wasio na marafiki. Wa ndege nao wanajibu kwamba hao wengine ni watu wa vibandani tu, kazi yao kubonyezabonyeza na kupiga kelele. Mimi niko Ndaki ya Elimu na nacheza vyote viwili kwa kiwango cha chini sana, kwa hiyo sina timu ya kutetea.

Chanzo cha ugomvi ni kwamba neno moja, gemu, tumelibebesha vitu viwili. Mpira wa kwenye pedi ni shindano. Dakika chache tu, mmoja kashinda, mwingine anaachia pedi na aliyekuwa anangoja anaingia. Kurusha ndege ni kuiga kazi. Ukitoka Dar kuja Dodoma kwa muda halisi unakaa karibu saa nzima, na sehemu kubwa hakuna tukio lolote. Raha yake ni kufanya kila hatua kwa usahihi mpaka matairi yaguse lami. Mtu wa mpira akichungulia lazima aulize, "Sasa hapa unamfunga nani?" Ni sawa na kumuuliza mpishi amemfunga nani.

Ila mpaka kati ya mchezo na kazi ni mwembamba kuliko tunavyobishana. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Mmarekani Edwin Link, ambaye familia yake ilitengeneza vinanda, alitumia mivukuto ya vinanda kuunda kiboksi kinachoyumba kama ndege. Wateja wake wa mwanzo walikuwa viwanja vya burudani. Mwaka 1934, baada ya marubani wa jeshi la Marekani kufa wakisafirisha barua kwenye hali mbaya ya hewa, jeshi likavinunua. Kitu kilichoonekana cha watoto kikawa darasa la kuokoa maisha.

Hata hapa kwetu kinafundisha. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi, kwa hiyo mabawa na injini hupata hewa kidogo ya kufanyia kazi. Ndege ileile, yenye uzito uleule, hapa huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kuliko Dar ndipo inyanyuke. Jaribu kwenye kompyuta saa saba mchana, utaiona fizikia kwa macho.

Tukirudi kwenye majina ya kejeli, hilo la "kishua" lina ukweli nusu. Microsoft Flight Simulator ya 2020 ilitaka kompyuta yenye nguvu na nafasi ya GB 150 hivi, na bando lake tusiliongelee. Lakini FlightGear ni ya bure. Kuhusu upweke, kuna mtandao wa VATSIM ulioanza mwaka 2001, ambako watu wa nchi mbalimbali huruka pamoja huku wenzao wa kujitolea wakiwaongoza kwa sauti kama waongoza ndege. Na huyo "mbonyezaji" mwangalie vizuri: amefungwa mbili moja, watu kumi wanampigia kelele, naye anabadilisha mfumo, anamsoma mpinzani na anatuliza pasi. Hiyo ni akili inayofanya kazi chini ya presha.

Kwa nini nalisumbukia hili? Hosteli utani huisha kwa kicheko. Lakini wengi wetu tunakwenda kuwa walimu. Mtoto anayekutwa kibandani hupewa jina la mhuni na pengine viboko juu yake. Mwenye kompyuta nyumbani huambiwa ana kipaji. Wote walikuwa wanacheza, ila mmoja alilipia kwa dakika.

Sisi wenyewe tunafundishwa kwa kuiga. Kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha tunafundishana darasani, mtu mzima na ndevu zake anajifanya wa Kidato cha Kwanza na kunyoosha kidole. Hakuna anayetuita walimu wa mezani. Basi ukimkuta mtoto kwenye gemu, kabla ya kumpa jina, muulize anajaribu kufanya nini na amefikia wapi. Atakueleza mpaka uchoke, na hapo utajua pa kuanzia kumfundisha.